Mwizi Nje, Mlango Ndani

Usiku ule mwizi alilala kwake. Aliyelala kituoni ni mlango.

Asiyeamini akaulize mtaani, maana jambo lenyewe lilitendeka jua likiwa utosini. Mnoa visu alikuwa amekwenda kwa binti yake kupunguza majonzi ya kufiwa na mke. Siku aliyorudi alikuta nyumba yake imeachama kama kinywa cha kibogoyo: kuta zipo, bati lipo, mlango hakuna. Hata hajatua begi, akasikia zogo, na hao vijana wa mtaa wanakuja wanamswaga Mchwa, mwizi wa siku nyingi, mlango wenyewe ungali mgongoni mwake. Walimfumania kwenye mteremko, ameegemea ukuta anahema. Hawakumpiga. Walisema safari hii wafuate sheria.

Na sheria wakaifuata mpaka kituoni. Koplo wa mapokezi aliwashika mikono mmoja mmoja, akawasifu, akamtia Mchwa mahabusu na mlango stoo. Jua halijazama, Mchwa huyo, kibandani kwa muuza chai, miguu juu ya benchi, anapuliza kikombe. Mlango haukutoka.

"Ni kielelezo, mzee," koplo alimwambia mnoa visu kesho yake. "Yaani ushahidi. Ushahidi hautolewi mpaka kesi iishe."

"Kesi itaishaje na mshtakiwa mmemwachia?"

"Ndiyo maana tunasema upelelezi unaendelea."

Mnoa visu hakusoma sana, darasa aliliacha kabla halijamwacha, lakini hilo halikuhitaji shule. Kwa wakubwa, mwenye miguu huachiwa na asiye na miguu hufungwa. Mkewe naye alikufa kwenye benchi la hospitali akimngoja daktari, na daktari alikuwa ameitwa mbio kumtazama mheshimiwa mmoja aliyekula mpaka akashindwa kucheua. Tangu hapo, kila kisu alichonoa alikinoa huku akimtaja kiongozi fulani kimoyomoyo, na wateja walikiri kwamba visu vyake vimezidi ukali.

Mlango ule haukuwa ubao tu. Rangi yake ya kijani aliipaka marehemu kwa mkono wake. Chini kulikuwa na kovu jeupe, pale alipozoea kuusukuma kwa kisigino akiingia na ndoo mikono yote miwili. Na kitasa chake kilikuwa na tabia. Ukifunga kwa adabu, kinatii. Ukibamiza, ulimi unazama mpaka mwisho na kung'ang'ania, na hapo aliye ndani atafute pa kukaa, maana tundu la ufunguo liko upande wa nje peke yake. Fundi alitaka kukirekebisha, marehemu akamkataza. Alijua anachokifanya. Mumewe alikuwa mtu wa hasira za karibu. Wakigombana uani, huingia ndani kwa kishindo na kubamiza, klak! Mkewe, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga, anaendelea kupepeta mchele wake. Akimaliza anauliza, "Umepoa?" Kisha, "Umefanya nini?" "Nimebamiza." "Na kabla ya kubamiza?" Mpaka yote yatajwe, mlango haufunguki. Wengine huiita hiyo ndoa. Yeye aliiita mahabusu, na sasa aliitamani mahabusu hiyo kuliko chakula.

Ufunguo ulikuwa ukining'inia shingoni mwake kwa uzi, hauna cha kufungua. Penye mlango alitundika kanga ya marehemu. Usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu, maana mbuzi wa jirani yake, Mama Mkaa, aliona kanga si kizuizi, akawa anaingia na kulala miguuni pake kama mwenye nyumba.

"Shemeji," Mama Mkaa alimtania, "huyo mbuzi kakupenda. Lete posa."

"Mtoe mbuzi wako kabla sijanoa kisu kingine."

Basi siku moja likapita gari la kipaza sauti: "Wananchi, njooni kituoni mseme kero zenu! Polisi ni rafiki yenu! Mgeni wetu ni mkubwa kutoka makao makuu!"

"Umesikia?" Mama Mkaa akajifuta vumbi la mkaa usoni, likahamia shingoni. "Twende tukamwone huyo rafiki."

Kituoni walikuta turubai limefungwa, viti vimepangwa, na ukutani kitambaa kirefu kimeandikwa OFISI YETU IKO WAZI. Mgeni alikuwa hajafika. Mnoa visu akaona afadhali apite kwanza mapokezi kuulizia hali ya mlango wake, kama mtu anayemtembelea mgonjwa. Koplo alikuwa anapaka kiatu rangi juu ya kaunta. Nyuma yake palikuwa na korido fupi, na mwisho wa korido, macho ya mzee yakakwama.

"Koplo, kile nini?"

"Mlango."

"Wa nani?"

"Si umeandikwa? Mkuu wa Kituo, Gonga Kwanza."

"Kisomo changu kidogo, ndiyo maana naangalia chini. Lile kovu ni la kisigino cha mke wangu."

"Mzee, milango hufanana."

"Na visigino?"

Walikuwa wameupigilia kibao cha cheo juu, na pembeni komeo na kufuli, kwa kuwa ufunguo wake hawakuwa nao. Kusikia kelele, mkuu wa kituo akatoka ofisini akihangaika na kifungo cha sare ya sherehe. Tumbo lilikuwa limepanda cheo kabla yake.

"Nani anapiga kelele siku kama ya leo?"

"Mwenye mlango," alisema mnoa visu.

"Ah. Wewe." Mkuu akashusha sauti, akavaa upole. "Mzee wangu, kielelezo lazima kitunzwe. Stoo kuna mchwa."

"Mchwa si mmemwachia?" aliuliza Mama Mkaa kutoka mlango wa mapokezi, na waliokuwa nyuma yake wakacheka.

"Nimekiweka hapa kwa usalama," mkuu aliendelea, upole ukianza kumbana kama ile sare. "Wangu wa mwanzo ulivunjika."

"Ndipo Mchwa akakuletea mwingine," alisema mnoa visu. "Kumbe sisi ndio tuliomkatisha kazini."

Mkuu wa kituo akaiva uso. "Toka! Toka kabisa! Nisikuone hapa mpaka mgeni aondoke!" Akageuka, akaingia ofisini, akabamiza.

Klak!

Mnoa visu akafumba macho. Sauti ile hakuwa ameisikia tangu mkewe angali hai, na kwa muda mfupi alisahau yuko wapi, akanusa mchele.

Mkono wa kitasa ukaanza kutikisika kwa ndani, kwanza kidogo, kisha kwa wazimu.

"Koplo! Fungua huku!"

Koplo alivuta. Akasukuma. Akavuta tena huku ameweka mguu ukutani. Akazunguka nje dirishani, akakuta nondo nene ambazo mkuu mwenyewe aliagiza zifungwe, akiwahofu raia. Akarudi anatweta.

"Vunja!" ilisema sauti ya ndani.

Koplo akainua buti.

"Vunja tu, mwanangu," Mama Mkaa alimwambia kwa huruma. "Ila si mlisema ni ushahidi? Anayevunja ushahidi huwa anafungiwa wapi, humuhumu au kwingine?"

Buti likashuka taratibu. Kufikia hapo turubai lilikuwa limebaki na viti vitupu. Wananchi wote walikuwa wamejaa mapokezi na madirishani, maana kero kama hii huiachi ikupite. Ndipo gari la mgeni lilipoingia.

Mkubwa mwenyewe alikuwa mama mwembamba, mabega yamemjaa nyota. Akapasua umati.

"Mkuu wa kituo yuko wapi?"

"Yuko ndani, afande," koplo alijibu, amekakamaa.

"Ndani ofisini, au ndani?"

Koplo akafikiri. "Vyote viwili, afande."

Mkubwa akatazama mlango, akatazama kile kitambaa cha ukutani kupitia dirishani. "Ufunguo anao nani?"

Mnoa visu akavuta uzi shingoni. Ufunguo ukatoka kifuani.

"Raia ana ufunguo wa ofisi ya mkuu wa kituo?"

"Hapana, mama. Mkuu wa kituo ana mlango wa raia."

Umati ukaachia kicheko. Mkubwa hakucheka, lakini alinyoosha mkono kumwonyesha mzee kitasa, kama mtu anayesema karibu. Mnoa visu akasogea mpaka mdomo ukakaribia tundu la ufunguo. Aliposema, sauti iliyomtoka haikuwa yake, ilikuwa ya uani kwake.

"Umepoa?"

"Nani huyo? Fungua!"

"Umefanya nini?"

"Mzee, nitakuweka ndani!"

"Wewe ndiye uko ndani!" wananchi wakamjibu kwa pamoja.

"Umefanya nini?"

Kitasa kikaacha kutikisika. "Nimebamiza."

"Na kabla ya kubamiza?"

"Nilichukua mlango."

"Wa nani?"

"Wako," sauti ilinong'ona.

"Mama Mkaa, umesikia?"

"Mimi? Masikio yangu yamejaa vumbi la mkaa."

"WAKO!" mkuu alipasua koo. "Mlango ni wako!"

"Na mwizi?"

"Tulimwachia."

"Kwa nini?"

Mkubwa akakohoa. "Mzee, hilo nitamuuliza mimi, ofisini kwangu."

"Ofisini," alisema mnoa visu. "Hukohuko mambo yanakokwenda kuozea." Lakini lile la mlango ni wa nani lilikuwa limesemwa mbele ya watu, na hakuja kwa jingine. Akazungusha ufunguo.

Mkuu wa kituo alitoka kifungo kimoja kimepungua. Mkubwa akaamuru kielelezo kirudishwe kwa mwenyewe saa hiyohiyo.

"Gari la kituo halina mafuta, afande," alisema koplo.

"Kilikuja kwa mgongo, kitarudi kwa mgongo. Mkuu wa kituo, shika mbele."

Hayo mtaa haukuwahi kuyaona. Polisi wawili wenye sare za sherehe wamebeba mlango wa kijani, mnoa visu nyuma yao kama mchungaji wa ng'ombe, watu wanapiga vigelegele kutoka vibarazani. "Leo mwizi kavaa sare!" Walipofika kwa muuza chai, Mchwa akasimama kwa heshima, kikombe mkononi.

"Afande, mnaushika vibaya," alisema kwa dhati. "Mteremkoni pale ulazeni upande wa kitasa, la sivyo viuno vitawatoka. Nasema kwa uzoefu."

"Asante," alisema koplo, na jasho likamwingia jichoni.

"Unamshukuru?" mkuu alifoka kutoka mbele. Lakini mteremkoni waliulaza upande wa kitasa.

Mkuu wa kituo aliutua mlango kizingitini, akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, akatokomea. Msidhani alifukuzwa. Mwezi haukuisha akahamishiwa kituo kikubwa zaidi, chenye milango mingi.

Koplo ndiye aliyebaki kufunga bawaba, na haki yake apewe, alizifunga vizuri. Akaujaribu mlango huku na huku, taratibu, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Haya, mzee, tayari. Sasa, hapo hakuna chochote cha kulainisha koo?"

"Maji yapo."

"Maji ni maji, mzee wangu. Mimi nimesema chochote."

Damu ikampanda mnoa visu mpaka kwenye nywele. "Chochote! Mlango wangu, kovu la mke wangu, mmeulalia kituoni mpaka mbuzi kanizoea, halafu chochote!" Akaichomoa kanga pale ilipokuwa imetundikwa, akaingia ndani, akabamiza.

Klak!

Alisimama pale gizani, kanga mkononi. Akapapasa kifuani. Ufunguo upo. Tundu liko nje.

Kwa mazoea ya miaka, akangoja. Akangoja ile sauti imuulize kama amepoa. Aliyesikika ni mbuzi, anashangaa kizingitini.

"Nimebamiza," mzee aliuambia mlango, polepole.

"Unasemaje, mzee?" aliuliza koplo.

"Siongei na wewe."

Koplo akausukuma mlango. "Umejifungia?"

"Niitie Mama Mkaa."

"Mama Mkaa yuko mkutanoni anasema kero zake. Nilimwacha hajafika hata katikati. Nipitishie ufunguo hapo dirishani, nikufungulie."

Dirisha lilikuwa kando tu ya mlango. Mnoa visu akamchungulia kupitia nondo. Polisi! Ndiye huyuhuyu aliyewashika vijana mikono na kumwachia Mchwa kabla chai haijapoa. Ampe ufunguo wa nyumba yake?

"Afadhali ningoje."

"Mzee," alisema koplo, ameshika kiuno kama mjamzito, "mlango huu nimeubeba kutoka kituoni. Hata ningetaka kuuiba, mgongo sina tena."

Kicheko kikamtoka mnoa visu kabla hajakizuia. Kilikuwa kimekaa ndani muda mrefu, kikatoka na vumbi. Akauvua uzi shingoni. Akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga, fundo lilelile alilokuwa akilifunga marehemu, akaipitisha kanga kati ya nondo, na ncha ya pili akaizungusha kiganjani, akaikamata kwa mikono miwili.

"Mzee, legeza. Haifiki."

"Itafika. Jisogeze wewe."

"Kwani huniamini?"

"Nakuamini," alisema mnoa visu, amekaza miguu sakafuni. "Nakuamini urefu wa kanga."

Kanga ikavutika, ikatulia. Kitasa kikazunguka.