Mbwa Asipigwe Risasi

Mwalimu Orla, binti wa Ayalandi anayefundisha shule yetu hapa milimani Kirgizistani, alipanga chumba changu cha uani baada ya mke wangu Burul kufariki. Baridi hii aliokota watoto wawili wa mbwa nyuma ya mabanda ya nyama sokoni, akawalaza ndani karibu na jiko la makaa.

"Mwanangu," nikamwambia, "malaika hawaingii penye mbwa."

"Basi watusubiri mlangoni, baba. Hawa wawili wanaganda."

Nilicheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka lini.

Ijumaa yule mweusi alimng'ata kidole. Mwalimu akasema ni mchezo tu. Jumapili asubuhi mbwa alikataa chakula, akajificha chini ya kitanda, mate yanamtiririka. Mate yale nayajua.

Jirani yangu Sonunbu akaja na mkasi.

"Tumkate manyoya tuyachome, majivu tumpake mwalimu kwenye jeraha. Halafu mbwa auawe upesi."

Ndivyo tunavyofanya siku zote. Burul naye alipakwa majivu. Mbwa aliyemuuma, watu wa ofisi ya mji walimpiga risasi papo hapo wakamtupa korongoni. Daktari akatuuliza, "Mbwa yuko wapi, tumtazame?" Hayupo. "Basi labda hakuwa na kichaa. Sindano zenyewe hatuna. Nendeni nyumbani." Tukaenda nyumbani. Burul alikufa na kiu, anakiogopa kikombe nilichomshikia mimi mwenyewe.

"Weka mkasi wako chini, Sonunbu," nikasema. "Na wewe mwanangu, kioshe kidole kwa sabuni, ukimaliza uoshe tena. Mbwa huyu asiguswe mpaka tujue."

"Na tukishajua, baba?"

Sindano ziko mji mkuu wa jimbo, ng'ambo ya mlima, na theluji imeporomoka ikaziba njia. Tingatinga la ofisi ya mji limelala. Wanasema dizeli hakuna. Gari la meya halijawahi kulala hata siku moja.

Nikavaa glovu za ngozi, nikatoa kondoo bandani, nikamsukumia mbwa humo kwa uma wa nyasi. Nilipofunga komeo, akaanza kuzitafuna mbao upande wa pili.

Habari zilishafika. Ermek, mpiga mbwa wa ofisi ya mji, akaingia uani na bunduki yake begani.

"Asalamu aleikum, mzee. Nasikia una kichaa hapa kwako."

"Vichaa wako ofisini kwenu. Hapa kuna mbwa tu."

"Ondoka mlangoni."

"Ukimuua hatutajua."

"Kujua nini? Nimeagizwa niwamalize wote kabla ya sikukuu ya Nooruzi. Usinigombanishe na meya."

"Yule wa Burul mlimuua, kisha nikaambiwa labda hakuwa na kichaa. Huyu utamwona kwanza."

Akashusha bunduki begani, mtutu wake ukanigusa kifuani. Mgongoni mbao zilikuwa zinagongwa na mbwa. Niliogopa mbele, niliogopa nyuma, lakini sikusogea.

"Chungulia ufa ule," nikasema. "Ukishaona, fanya utakalo."

Akachungulia, labda ili aniondoe njiani tu. Mbwa alikuwa anaburuta miguu ya nyuma, taya limelegea, damu na mate vimechanganyika kwenye mbao. Ermek alirudi nyuma hadi akajikwaa kwenye ndoo.

"Amemng'ata nani?"

"Mwalimu."

"Yule mgeni?"

"Huyo huyo."

Akatoa simu. "Bwana meya, nimemwona kwa macho yangu. Ndiyo, mgeni. Ubalozi wao utauliza, bwana meya."

Kabla ya adhuhuri tingatinga lilikuwa linanguruma kupanda mlima. Dizeli ilikuwa imepatikana.

Walimpandisha mwalimu kwenye gari la meya. Alining'ang'ania mkono wa koti.

"Nimechelewa, baba?"

"Hujachelewa," nikasema, wala sikujua.

Sonunbu alisimama nami langoni, anajifuta macho. "Mshukuru Mungu. Gari la meya lenyewe."

"Burul alikuwa mwenyeji," nikamjibu.

Kutwa nilizunguka uani. Yule mbwa mwingine nilikuwa nimemfunga mnyororo. Alilia, nikaogopa hata kumtupia mkate. Bandani kukawa kimya. Mweusi alikuwa amekufa. Simu ilipolia niliitazama kwanza.

"Baba, wamenichoma ya kwanza. Daktari anasema nimewahi. Ya pili nitachomwa hapa hapa, nimeambiwa nisikose."

"Usikose, mwanangu."

"Kabati lao limejaa sindano, baba."

Nikaketi kwenye theluji pale pale langoni. Limejaa. Ng'ambo ya mlima mmoja.