Mkono Usio na Utepe

Sosthenes alikuwa na sheria yake ya getini, na alimfundisha kila aliyeletwa kufanya kazi chini yake: usimwamkie mtu mzima. Kusema habari za asubuhi ruksa. Karibu, ruksa. Lakini shikamoo hapana, hata mtu awe na mvi mpaka kwenye nyusi.

"Ukishasema shikamoo umekwisha," alimwambia Vailet siku yake ya kwanza kazini. "Atakuitikia marahaba, atakuuliza wewe ni mtoto wa nani, mtakuta baba yako ndiye alimjengea mjomba wake nyumba. Halafu uanze kumwambia hapiti? Kwa mdomo gani?"

Vailet, binti wa mtaa wa Maisaka aliyezoea kumwamkia hata mpita njia, alicheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Sosthenes akamwongezea sheria ya pili, iliyozaliwa na ile ya kwanza: angalia mkono, usiangalie uso. Mgeni wa hoteli hufungwa utepe wa rangi ya chungwa pale mapokezi. Mwenye utepe apite, asiye nao arudi, na macho ya mlinzi yasipande juu ya kiwiko.

Mtu asiyeijua Babati angeweza kudhani huyu bwana ana roho ya jiwe. Ukweli ni kwamba alikuwa na roho laini kupita kiasi, na ndiyo maana akaitungia sheria. Alizaliwa Nakwa, akasoma Nakwa, akapata kipaimara hapo hapo mjini, na nusu ya watu waliokuja getini siku za sikukuu waliwahi kumfuta kamasi. Pasaka iliyopita alimpitisha mwalimu wake wa darasa la nne, kwa heshima tu, mwalimu akamwita shemeji yake, shemeji akaiita kwaya nzima, na kufika saa saba mchana mji wote ulikuwa ufukweni. Kuuita ufukwe nako ni kuupamba: ni hatua kama sitini za mchanga ulioletwa na malori kando ya ziwa, miavuli ya nyasi, kamba yenye maboya majini, na mtu mwenye filimbi wa kuwaangalia viboko. Wageni waliolipia vyumba walikosa hata pa kuweka taulo. Mtoto wa mgeni mmoja alipotea saa nzima kabla ya kukutwa amelala chini ya meza ya watu asiowajua.

Meneja, Madam Josephine, hakupiga kelele. Alisema tu, "Krismasi ikiwa hivi tena, Sosthenes, utanitafutia mtu wa kukaa hapo na wewe utaondoka." Halafu akaongeza, maana alikuwa mwanamke wa haki, kwamba ikienda vizuri atamfanya mkuu wa ulinzi, na beji ameshaiagiza.

Sosthenes alikuwa na mke na watoto wawili, na alikuwa na miaka sita ya kusimama juani kwenye geti hilo. Aliitaka ile beji mpaka akaiota.

Krismasi ikafika. Kuanzia saa nne bajaji zilimwaga watu barabarani: mabinti na magauni mapya, watoto na miwani ya plastiki, akina baba na mashati yenye mikunjo ya dukani. Sosthenes aligawa mistari miwili, mmoja wake, mmoja wa Vailet, akaweka kibao kikubwa: LEO NI WAGENI WA HOTELI TU. Mikono ikaanza kuja. Mkono wenye utepe, pita. Mkono mtupu, samahani, karibu siku nyingine. Walimwita kwa jina, wakamwita kaka, wakamwita mkwe, mmoja akamkumbusha deni la penseli la shuleni. Yeye macho chini. Ilipofika saa sita ufukwe ulikuwa na nafasi, watoto wa wageni wanaogelea ndani ya kamba, na Madam Josephine alitoka ofisini akaja kusimama nyuma ya bega lake kuona kazi inavyokwenda.

Ndipo ulipokuja ule mkono.

Ulikuwa mkono wa mama mzee, mkavu, na kidole chake cha shahada kilipinda kuelekea kwenye dole gumba. Sosthenes hakuhitaji kuona zaidi. Kidole hicho kilikamatwa na mkanda wa mashine ya kusaga, Nakwa, mwaka ambao yeye alikuwa darasa la pili. Mwaka huo huo mama yake mzazi alilazwa hospitali ya mbali, akakaa huko karibu miaka miwili, na mkono huo ndio uliompakulia makande kila jioni. Ndio uliomvika sweta. Ulikuwa mkono wa Mama Dorothea, jirani yao, na ulikuwa mtupu.

Ulinyooshwa mbele yake, kiganja chini kidogo, vile watu wazima wanavyouweka wakisubiri kuamkiwa.

Alijua kabisa. Hili lazima lisemwe wazi, maana baadaye yeye mwenyewe alijaribu kujidanganya kwamba hakuwa na hakika. Alijua, na neno shikamoo lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini alisikia pia viatu vya Madam Josephine vikisogea kwenye kokoto nyuma yake. Akaikumbuka Pasaka. Akajiambia: ameona ni mimi, amekuja kwa kujuana, nikiinua uso tu basi tena. Akajikausha.

"Bila utepe hupiti, mama," alisema akiuambia ule mkono. "Pisha wenzako."

Mkono ulibaki pale. Haukutetemeka, haukuomba. Ulisubiri muda ambao mtu mwenye adabu huwapa watoto wanaochelewa kuamkia, halafu ukarudi taratibu ndani ya kanga. Mama angesema nini? Mtu mzima hamwanzi mtoto salamu, na hakuna aliyemfungulia mlango wa maneno.

Mkono uliofuata ulikuwa wa kijana, una utepe. Pita.

"Safi sana," Madam Josephine alisema. "Hata wazee? Sikujua unaweza." Alicheka kidogo, akampiga begani. "Jioni njoo ofisini uchukue beji yako. Umeipata."

Sosthenes alisema asante. Saa nzima iliyofuata aliipitisha akijitetea kichwani mwake kama mshitakiwa asiye na wakili. Sheria ni sheria. Ningempitisha yeye ningewapitisha wote. Kesho nitakwenda Nakwa na kilo mbili za sukari, nitamweleza, ataelewa, yeye ni mama. Alipofika kwenye sukari alijiona mjinga, akaacha.

Saa nane kasoro mwanamke mmoja alitoka upande wa ndani, amevaa kanga juu ya nguo ya kuogelea, utepe mkononi, anacheka toka mbali.

"Kaka Sosthenes! Umenisahau?"

Ilikuwa Dorothea mwenyewe. Alikuwa muuguzi Dodoma, mwaka wa tano hajaonekana nyumbani.

"Tuko hapa tangu jana usiku na mama," alisema. "Nimemchukulia chumba kabisa, apumzike na majiko kwa Krismasi moja maishani mwake. Asubuhi amekwenda misa, nikamwambia nitamfuata na bajaji, akakataa. Anataka kurudi kwa miguu na kuingia kwa geti lako. Tangu jana anasimulia: Sosthenes wangu ndiye mkuu pale, watu wote wanamtii, kesho nitapita kwenye mstari wake aniamkie mbele za watu." Alitazama barabarani. "Misa imekwisha zamani. Hujamwona?"

Hapo Sosthenes alipewa nafasi. Alikuwa na sekunde nzima, ya kutosha kabisa, kusema: nimemwona, nimemfukuza, nisamehe, ngoja nikimbie.

"Hapana," alisema. "Sijamwona."

Uongo ulitoka mwepesi hata ukamshangaza. Vailet, kwenye mstari wa pili, aligeuza kichwa akamtazama. Alikuwa ameona kila kitu, tangu mkono uliponyooshwa mpaka uliporudi. Aliufunga mstari wake kwa kamba, akawaomba wageni wawili radhi, akavuka barabara mbio.

Upande wa pili wa barabara palikuwa na mwanamke anayechoma mahindi, na nyuma ya jiko lake palikuwa na jiwe. Kutoka getini jiwe lilionekana vizuri, kama mtu angetaka kutazama. Mama Dorothea alikuwa amekaa hapo, mgongo wake umenyooka kama yumo kanisani, gauni lake la misa limeshika vumbi kwenye upindo. Alikuwa amekaa karibu saa mbili.

Sosthenes alimwona Vailet akipiga goti dogo. Hakuhitaji kusikia ili ajue anachosema. Alimwona mama akiinua uso na kuitikia, halafu wakaongea. Alimwona Vailet akishika kichwa. Kisha wakavuka pamoja, Vailet amembebea viatu, maana miguu ya mama ilikuwa imevimba.

"Mama!" Dorothea alipaza sauti. "Ulikuwa wapi? Mwili wote umekuwa jasho!"

"Nilipumzika kidogo pale kwa muuza mahindi," mama alisema. "Watu ni wengi. Sikutaka kusukumana nao."

"Jua lote hili? Si ungepita tu? Utepe wako uko wapi?"

"Ninao."

Akashika pindo la kanga yake, pale alipopiga fundo. Alilifungua kwa meno kwanza, kisha kwa kile kidole kilichopinda. Ndani yake mlikuwa na rozari, ufunguo wa nyumba yake ya Nakwa, na utepe wa rangi ya chungwa, umekunjwa mara nne, hauna hata doa.

"Mama jamani!" Dorothea aliangua kicheko. "Huu unavaliwa mkononi!"

"Yule binti wa mapokezi alinifunga, nikaufungua kwa uangalifu," mama alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la akili. "Aliniambia nisiupoteze wala usilowe. Mkononi si utapotea? Nilipokuwa nanawa usoni ungelowa."

Ndivyo alivyotunza kila kitu cha maana maishani mwake: ada za watoto, cheti cha ubatizo, vidonge vya presha. Sosthenes alilijua hilo fundo. Alipokuwa mdogo, peremende zake zilitoka humo humo. Kama angemwamkia, mama angeitikia, angemuuliza habari za watoto, na katikati ya habari za watoto angesema, ninacho kile kitu chenu, baba, hiki hapa. Ingechukua nusu dakika.

Dorothea alimfunga mama yake utepe, akaubana vizuri. "Na kaka Sosthenes umemwona? Hata yeye hakujua uko nje."

Mama aliugusa ule utepe mkononi.

"Ana kazi nyingi," alisema. "Tusimsumbue."

Akapita. Hakumtazama. Sosthenes alisimama ameshika nguzo ya geti na aibu ilimpanda kutoka miguuni mpaka masikio yakawaka moto. Angetamani atukanwe. Angetamani mama amwambie bintiye mbele ya watu wote, huyu, huyu niliyemlisha, amenifukuza na macho yake yakiwa chini. Badala yake alikuwa amemfichia, kama alivyomfichia zamani alipovunja chungu cha watu. Na hata pale, ana kwa ana, Sosthenes hakuwa ameweza kumwamkia.

Vailet alirudi kwenye mstari wake.

"Mimi bosi sheria yako siiwezi," alisema bila kumtazama. "Ukitaka niandike barua ya kuacha kazi, poa, naandika."

"Usiandike," alisema Sosthenes.

Tangu hapo Vailet aliwaamkia wazee wote waliokuja bila utepe, mmoja mmoja, akawaambia hawapiti, na wengi waliitikia marahaba wakaenda zao. Hilo nalo Sosthenes aliliona.

Saa kumi na moja umati ulipungua. Madam Josephine alimwita ofisini, akambandika beji mwenyewe kifuani, wahudumu wakapiga makofi. "Huyu haangalii sura ya mtu," Madam aliwaambia. "Igeni." Sosthenes alitazama sakafu. Alipotoka aliitoa beji akaitia mfukoni, halafu akateremka ufukweni kwa hatua za mtu anayekwenda kupimwa ugonjwa anaoujua.

Mama Dorothea alikuwa peke yake chini ya mwavuli wa nyasi, amenyoosha miguu kwenye mchanga wa malori, sahani ya pilau mapajani. Dorothea alikuwa majini. Jua lilikuwa limelegea na viboko wawili walikuwa wakipumua mbali, ng'ambo ya kamba. Mama alikuwa akitabasamu kwa kuwaangalia. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo Sosthenes kumtazama usoni, na alimkuta amezeeka kuliko alivyomweka kichwani.

Alikuja kwa upande wa nyuma. Alivua kofia ya ulinzi. Alikuwa ameyapanga maneno yote ya kuomba msamaha, tangu la kwanza mpaka la mwisho, na la kwanza lilikuwa hilo alilomnyima mchana. Akapiga goti mchangani.

"Shikamoo, mama."

Mama alishtuka. Aligeuka, akaona sare kabla ya kumwona mtu, na tabasamu likamtoka. Aliweka sahani chini haraka hata wali ukamwagika. Hakuitikia. Alivuta mkono wa gauni lake mpaka kwenye kiwiko, akaunyoosha mkono mbele yake, kidole kimepinda, utepe unaonekana.

"Ninao, baba," alisema. "Huu hapa. Nimeuvaa."

Akaushikilia juu hivyo hivyo, akisubiri aambiwe kama anaruhusiwa kukaa.