Ndege wa Tufani Wamerudi

Maua ya waridi Heledd aliyakataa hapo hapo yalipofunguliwa. Yalikuwa yamesafiri kwa gari la jokofu, hayanukii chochote, na Morfudd, mama mkwe wake mtarajiwa, aliyashika kama mtu aliyeshinda kombe.

"Ahsante, mama, lakini mimi naolewa na briallu mkononi."

"Briallu! Vijiua vya kando ya njia!" Morfudd akabetua midomo. "Sikiliza, hilo gauni la lesi nililivaa mimi, na kabla yangu alilivaa mama yangu. Likipata hata doa, tutaonana wabaya."

Heledd alingoja mkwe atangulie kanisani, akavaa gambuti, akakunja gauni mpaka magotini, akatokea mlango wa nyuma. Baba yake, Tudur, alimwona.

"Ukianguka baharini, mwanangu, ile keki niifanyeje?"

"Uile, baba!"

Njia ya majabalini ilikuwa imeamka. Vichaka vya miiba vilikuwa vimewaka manjano kutoka juu hadi ukingoni, vikinukia nazi. Nyoka wa kwanza wa mwaka alijikunja juani katikati ya njia, usingizi wa baridi haujamtoka. Heledd akamruka, naye hata hakuinua kichwa. Kunguru wawili wa miguu myekundu walikuwa wakivutana sufu ya kondoo ya kujengea kiota, kelele tupu, kama mke na mume wanaohama nyumba. Na chini kidogo ya ukingo, kwenye majani mabichi, briallu: manjano ya kupauka, laini, yamejaa kama yamemwagwa.

Alitandika koti, akapiga magoti, akachuma. Shada la mwisho lilikuwa karibu na kibaraza cha mwamba ambapo ndege mweupe alikaa kimya. Shakwe, alidhani. Mtoto yeyote wa pale zamani angemcheka kwa kutomtambua ndege wa tufani, lakini tangu jabali liporomoke miaka ile ndege hao walikuwa wamehama, kila mwaka watu wakiwangoja bure, na macho yake yalishasahau. Akanyoosha mkono. Ndege akapanua mdomo, akamtemea.

Yalikuwa mafuta, vuguvugu, rangi ya chungwa, yananuka samaki aliyeoza, na yalimpata katikati ya lesi. Mafuta hayo kila mtu pale anayajua: nguo huchomwa, haifuliwi.

Heledd aliketi chini. Alimfikiria Ithel wake, ambaye hajawahi kumbishia mama yake hata juu ya chumvi ya mchuzi. Leo angembishia? Akainuka, akatazama chini, akaona kuwa mwamba mzima umejaa ndege wale wale. Akacheka peke yake, akakusanya maua yake, akaenda kuolewa.

Harufu ilimtangulia kuingia kanisani. Watu wakageuka. Mchungaji akafungua dirisha.

"Lesi ya mama yangu!" Morfudd akapiga ukelele.

Mbele kule, Ithel akanusa. Akanusa tena, pua juu kama mbwa wa kondoo.

"Heledd, umetemewa?"

"Nimetemewa."

"Wapi?"

"Kifuani, huoni?"

"Mahali gani, nauliza!"

"Ukingo wa kaskazini. Wamejaa mwamba mzima."

"Wamerudi!" Ithel akaruka viti, akamkumbatia na mafuta yake yote. "Jamani, wamerudi!"

Kanisa likalipuka. Wengine wanacheka, wengine wanaulizana, na kwa kuwa watu wa kule hawawezi kufurahi wakanyamaza, mtu akaanzisha wimbo kabla mchungaji hajatoa neno.

Morfudd hakuimba. Alisimama katikati ya njia mpaka sauti zikafifia moja moja.

"Hafungi ndoa mtu hapa mpaka huyu aniombe radhi."

 Ithel hakumwachia Heledd mkono.

"Mama, na mimi sasa nanuka. Utatufukuza wote?"

"Sijasema na wewe." Morfudd alimkazia macho Heledd. "Nakusubiri wewe, binti."

"Lesi naisikitikia, mama, kweli kabisa," alisema Heledd. "Lakini kwenda kuchuma maua ya kwetu siku ya harusi yangu? Radhi siombi." Akamgeukia mchungaji, mkono wake bado mkononi mwa Ithel.