Siku Alipomwita Mkwewe kwa Jina

Mzee Anyona alijivunia mkaza mwana wake, Lavender, kote kijijini Ikonge. Tangu aolewe, kwa kufuata mila, hakuwahi kukanyaga chumba cha baba mkwe wake, sembuse kutamka jina lake. Homa ilipomshika Lavender na kichwa kikamuuma hata akawa anakimbia mwanga, watu wa nyumbani walimpa dawa za malaria, wakaenda kuchuma chai.

Waliporudi walimkuta ameketi kitandani kwa mzee.

"Anyona, nipe maji," akasema.

Mkaza mwana mzima akuite jina kama anayeita mbuzi! Mzee akawaka hasira. Akaapa kwamba Lavender hapelekwi hospitali mpaka apige magoti. Lavender alimkodolea macho, kisha akaulizia ndama aliyeuzwa zamani.

Siku alipoanguka akitokwa na povu mdomoni ndipo wakakimbilia hospitali.

"Virusi vimeshambulia ubongo," daktari akasema. "Alianza lini kuchanganyikiwa?"

"Jumatatu, aliponiita jina."

"Homa, kichwa, halafu akili kuruka! Mlikuwa mnangoja nini, mzee?"

Anyona alimtazama Lavender, aliyelala macho wazi bila kumwona mtu.

"Tulikuwa tunangoja aombe msamaha."