Karatasi za Nélida

Nijibuni hili kabla hamjakaa vizuri, wajukuu zangu: nina nyumba ya miguu mitatu, jicho moja na mkono mmoja wa nguo. Mweupe akiingia hutoka mweusi. Akirudishwa mweusi, hutoka mweupe. Ni nini?

Kimya? Hata wewe unayejifanya umesoma? Ni sanduku la picha la don Hermógenes, na kwa sanduku hilo alimmaliza mtoto wa watu.

Sikusimuliwa. Nilikuwa nauza maandazi na api, ule uji mwepesi wa mahindi wa moto, uwanja mkuu wa mji wa Potosí, hatua kumi kutoka kwake. Miaka thelathini alikuwa anaingiza mkono kwenye ule mfuko wa nguo kuosha karatasi gizani, na dawa zilikuwa zimemla vidole mpaka kwenye kucha. Macho nayo yakaanza kuingia ukungu. Ndipo akamchukua Nélida, msichana wa miaka kumi na saba, binti wa mchimba bati.

Nélida alitaka kwenda La Paz, kwenye chuo cha kupiga picha. Baba yake alimwambia, "Fundi akisema una jicho, nenda. Akisema huna, utapasua mawe ya mgodi na mama yako. Mpaka aseme, kaa naye."

Siku ya kwanza akauliza, "Don Hermógenes, nina jicho au sina?"

"Una mikono. Ingiza mmoja humo."

Picha zake za mwanzo, Mungu anisamehe, nilizicheka. Alimpiga bwana harusi mmoja, picha ikatoka imeishia kwenye tai, kichwa hakuna. Fundi akainyanyua juu uwanja mzima uone, akaniita mimi.

"Mamá Asunta, njoo uone! Huyu kamchinja mtu siku ya harusi yake! Halafu anataka La Paz!"

Akaichana. Nélida akaokota vipande, akaweka karatasi nyingine.

Alijifunza, jamani. Asubuhi kabla ya wateja alinipiga picha mimi, sufuria zangu, mbwa wa uwanjani. Alihesabu mwanga kwa midomo kama mtu anayesali. Wachimbaji huja na bonge la majani ya koka shavuni. Yeye aliwageuza bonge likaingia kivulini, wasionekane kama wanaumwa jino. Kina mama wafupi aliwashushia sanduku. Mwaka ulipokwisha watu walifika wakiuliza, "Yule binti yupo?" Fundi aliandika jina lake mwenyewe nyuma ya kila picha.

Sasa, sanduku lile hutoa kwanza karatasi ya kinyume, uso mweusi, nywele nyeupe. Unaiweka mbele ya jicho la sanduku, unaipiga tena, ndipo unapata picha yenyewe. Mteja huchukua picha, ile nyeusi hutupwa. Nélida hakuzitupa zile alizozipenda.

"Hizi nazo nizipitishe kwenye dawa ya kukazia, fundi?"

"Ya nini kumaliza dawa? Zikaushe, zifunge kwenye kitambaa cheusi. Zitakaa tu."

Akamwamini. Angemwamini nani mwingine?

Mwaka wa pili chuo kikatangaza: kila anayeomba apeleke picha kumi na mbili. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho, maana waliopita miaka kumi na tisa hawakupokelewa. Bahasha ilitakiwa iondoke Ijumaa na basi la saa nne asubuhi.

Ijumaa hiyo asubuhi akamuuliza tena. "Fundi, nina jicho au sina? Baba anasubiri neno lako tu."

"Maji ya ndoo yamechafuka, badilisha."

Nikamwambia, "Mzee wangu, mjibu mtoto."

"Uza api yako, Asunta."

Nélida akabadilisha maji. Kisha akasema, "Basi wataniambia wao wa chuo." Akafungua kitambaa, akazipanga karatasi zake benchini, arobaini na kitu, achague kumi na mbili za kupiga upya. Jua la Potosí halina joto, lakini linauma. Fundi akaniomba andazi, akavuta kigoda chake, akakaa kutazama.

Karatasi zikaanza kuwa za rangi ya waridi. Kisha rangi ya ini.

"Fundi! Zinaharibika! Nifanyeje?"

Alikuwa anatafuna.

Nélida akazilalia kwa kifua, akatandaza sketi. Mimi nikakimbia na shali yangu, nikamwaga api yote chini. Tulipofunua, zilikuwa nyeusi tupu: karatasi isiyopita dawa ya kukazia huliwa na mwanga. Watu wake wote, mabibi harusi, wachimbaji, mimi na sufuria zangu, hakuna hata mmoja aliyebaki. Akatumbukiza moja kwenye dawa, ikatoka nyeusi vilevile.

"Ulijua?" nikamuuliza yule mzee. Akajifuta sukari mdomoni.

Basi likapiga honi upande wa soko, likaondoka. Nélida hakulia. Ningefurahi angelia. Alisimama mbele ya kigoda, vidole vyake navyo vimeshaanza kubabuka kama vya mwalimu wake, akauliza kwa sauti ndogo:

"Nina jicho au sina?"

Don Hermógenes akaokota karatasi moja nyeusi, akaisogeza karibu kabisa na macho yake mabovu.

"Unalo," akasema. "Usingekuwa nalo, ningekupa dawa ya kukazia."