Jina la Tano

Turubai la msiba lilikunjwa siku ya tatu baada ya mazishi, viti vya Jumuiya vikarudishwa, na watoto wakarudi kwenye kazi zao, Josephat Dodoma, Odeta Geita. Jioni ya siku ya nne Dorotea alijikuta amesonga ugali wa watu wawili. Alikaa nao mezani, nyumba yao nzima ya mtaa wa Nyakato kimya, akala upande wake tu.

Saa moja akachukua rozari. Hapo ndipo shida ilipoanza, maana katika miaka arobaini na minne ya ndoa yeye hakuwahi kuongoza. Elias ndiye aliyeongoza, wengine wakaitikia. Na Elias, baada ya sala zote ambazo Kanisa linazijua, alikuwa na nyongeza yake: majina matano ya wenzake aliowaacha Uganda vitani, mwaka sabini na tisa. Hata umeme ukatike, hata watoto wawe wanasinzia, hata jioni ile uchungu wa kumzaa Odeta ulipoanza, majina yalisomwa. Siku hiyo yalisomewa kwenye gari la jirani, njiani kwenda hospitali, na Dorotea aliitikia huku amemshika shati.

Wiki moja kabla ya kufa, Elias alimwambia, "Mama Odeta, wale watano wangu usiwaache. Hawana mtu mwingine."

"Siwaachi," alimjibu, bila hata kufikiri.

Basi akaanza. "Raha ya milele umpe, ee Bwana, Maige." Akajiitikia: "Na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina." Akaendelea na Nurdin, akaja Seif, akaja Magesa. Alipofika la tano, ulimi ukagoma.

Alijaribu tena toka mwanzo, harakaharaka, labda litateleza lenyewe. Wapi! Miaka yote kazi yake ilikuwa kuitikia, na anayeitikia hana haja ya kukariri. Isitoshe jina lile Elias alilitamka chini chini, kichwa kimeinama. Aibu ilimshika Dorotea peke yake sebuleni, akaona afadhali hata angekuwepo mtu wa kumsuta.

Akampigia Josephat.

"Mama, kusema kweli, ikifika hapo mimi nilikuwa nimeshalala."

Odeta naye alikumbuka manne. "La mwisho lilikuwa linaishia kooni kwa baba," akasema, na wote wawili wakalia kwenye simu.

Dorotea akafungua sanduku la marehemu. Alikuta bereti ya jeshi, vyeti vya ubatizo vya watoto vilivyofungwa kwa kamba ya kiatu, na pasi ya mkaa. Pasi hiyo ilimkalisha sakafuni. Kila Jumapili jioni Sajini Elias alinyoosha sare za watoto mwenyewe, mikunjo ikasimama, na majirani wakamcheka kwamba mwanamke amemweka mfukoni. "Nimo, na kuna joto," aliwajibu, akaendelea kupiga pasi. Karatasi yenye majina haikuwemo. Mtu mwenyewe alikuwa ndiyo karatasi, naye walikuwa wamemzika.

Misa ya arobaini ikakaribia. Parokiani walitaka majina ya marehemu wa kuombewa, yaandikwe vizuri. Dorotea aliandika Elias, kisha yale manne, akaacha mstari mtupu. Kila alipoutazama alimwona askari amesimama paredi mahali fulani, wenzake wote wameitwa, yeye anangoja. Na wa kumwita alikuwa yeye Dorotea, hakuna mwingine duniani.

Siku mbili kabla ya misa, mchana, mtu akapiga hodi. Mzee mrefu, anachechemea, amebeba mfuko wa salfeti.

"Pole na msiba, shemeji. Nimesikia tangazo redioni, la misa ya arobaini. Sajini mstaafu Elias Ngosha, wa Nyakato. Nikasema huyo ni wangu. Mimi naitwa Okech, natoka Rorya."

Dorotea akashika mlango. Okech! Jina lilirudi lote, pamoja na sauti ya chini ya Elias na kichwa chake kilivyoinama.

"Wewe umekufa," akamwambia mgeni, kabla hata hajamkaribisha.

Mzee akacheka kidogo. "Hata yeye alidhani hivyo. Ndiyo maana alinifunika." Akatoa kwenye mfuko kabuti la jeshi lililofifia, ndani ya kola limeshonwa E. NGOSHA kwa uzi mweusi. "Nilizinduka hospitali nimefunikwa hili. Wakaniambia kombania yenu imekwisha yote. Nikaamini. Nimelitunza kama la marehemu, shemeji, kumbe mwenyewe alikuwa Mwanza hapa, mwendo wa siku moja kwa basi!"

"Na yeye amekuombea kila jioni," Dorotea akasema. "Raha ya milele. Miaka arobaini na sita."

"Mimi ni Msabato, shemeji. Sisi hatuwaombei waliolala."

"Basi umeombewa bila ruhusa."

Walicheka mpaka wakaacha kucheka, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Ugali ulikuwa tayari, wa watu wawili kama kawaida, na sato. Okech alikaa kiti cha Elias kwa sababu hakujua, na Dorotea hakumwambia. Alasiri akaaga, akaenda kulala kwa binti yake, mtaa wa Igoma.

Saa moja Dorotea alitandika kabuti kwenye kile kiti, akaongoza. Maige, Nurdin, Seif, Magesa. Mahali pa tano akamweka Elias, akajiitikia vizuri, hakukosea neno. Kazi ilikuwa imekwisha, na hapo upweke ukamjia kuliko siku ya kaburi. Alikuwa na habari ambayo mume wake angeisikia angeruka, angempigia kelele Josephat kwenye simu, angepanda basi alfajiri. Arobaini ilikuwa haijatimia, na habari tayari ilikuwa imechelewa.

Hata hivyo alimwambia.

"Elias, Okech yuko hai. Amekula ugali wako, akaongeza na mboga."

Akangoja, kwa mazoea ya miaka yote, mwenzake aseme kitu. Kisha akasema Amina mwenyewe, akaenda kufunga mlango.