Mfalme Kwenye Mkutano wa Familia ya Yves

Hii hamtaiamini, lakini ilitokea hapa hapa mtaani kwetu Joubert Park, Jumamosi saa nne asubuhi, watu wakiwa na vikombe vya chai mkononi.

Falonne, fundi cherehani, alikuwa anakunja pindo la joho la mteja. Mteja alikuwa mfalme wa Uingereza, wa ule ukoo wa zamani ambao ndugu walichinjana miaka na miaka kwa ajili ya kiti cha enzi. Alikufa zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Upanga ulimtoboa mbavuni, na upepo ukipita pale ulipiga mluzi kidogo. Falonne alimwambia akae, joho lingekuwa tayari baada ya mkutano.

Mkutano ulikuwa wa familia ya marehemu mume wake, Yves. Walikuja kuamua nani amlee Carmel, binti wa Falonne na Yves, wa miaka minane. Gradi, mdogo wake Yves, akaanza.

"Shemeji, mtoto ni wa ukoo. Atakaa kwangu mpaka akue. Tena nina wadogo watatu pale, atasaidia kuwaangalia."

"Kwako ni ghorofa ya kumi na nne, na lifti ilikufa mwaka jana. Nitamwona lini?"

"Eish, si utapanda ngazi? Hata huo mwili utapungua."

Watu wakacheka. Falonne hakucheka.

Katika familia ile, wakishindwana, anaulizwa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote chumbani, hata kama ni mgeni. Mama Jeanne, shangazi yake Yves, akazungusha macho. Hakukuwa na haja ya kuhesabu.

"Papa Mfalme, wewe umeona mengi. Sema."

Mfalme akaweka kikombe chini. "Kaka yangu alikufa akaacha mtoto. Nikasema kiti nitamtunzia mpaka akue. Nikamweka mnarani, juu kabisa, kwa usalama wake. Hakushuka tena. Mimi nikakalia kiti."

"Mmesikia?" Falonne akasimama. "Si mmesikia wenyewe?"

"Tumesikia, mama," akasema Mama Jeanne. "Hata wafalme wa wazungu, mtoto wa marehemu anakaa kwa baba mdogo. Tena juu. Bon, tumemaliza."

Carmel anaelewa Kiswahili ila hakisemi. Akauliza kwa Kizulu anapelekwa wapi. Gradi alikuwa ameshabeba begi la mtoto.

Wiki ya kwanza mkono mdogo wa Carmel ulipunga kule juu, dirishani kwa Gradi. Wiki ya tatu Luqman, mlinzi wa mlangoni kwenye jengo la Gradi, alimwambia Falonne hawezi kupanda mpaka mwenyeji ashuke kumchukua, na Gradi hapokei simu. Mfalme yeye anapita tu. Kila Jumamosi anapanda kunywa chai kwa Gradi, anashuka taratibu, na Falonne anamsubiri kwenye ngazi ya mwisho.

"Umemwona?"

"Nimesikia anaosha vyombo. Mlango wake umefungwa vizuri."

Wazee wameshasema, ukoo wote umekubali, na mtoto yuko kule juu. Ungekuwa wewe ndiye Falonne, ungefanya nini?